MLANGO WA CHUMBA CHA BARIDI NA BAWABA ZAKE

Samaki wa ziwa letu hawamngoji mtu. Mbasa aliyetolewa wavuni alfajiri huko Matema huwa mzuri asubuhi, lakini ikifika adhuhuri, kama hakupata kivuli wala barafu, macho yake yamekwisha kuzama na nyama yake imelegea. Usipa nao huanikwa juani, juu ya mchanga au juu ya vichanja, nao wakikauka vizuri hudumu siku nyingi. Lakini kila mtu wa Kyela anazijua mvua za kwetu. Mwezi wa Machi na wa Aprili huweza kupita siku tatu nne bila jua la maana, na usipa walioanikwa wakawa uvundo mtupu. Kwa sababu hiyo wafanyabiashara wenye uwezo hutumia chumba cha baridi, yaani chumba kizima ambacho mtu huingia kwa miguu yake, akapanga makreti ya samaki kama tunavyopanga magunia ya mpunga ghalani.

Wasomaji wenzangu, nataka kuandika habari za chumba hicho, lakini mashine yake sitaisema sana, maana imekwisha kusifiwa vya kutosha. Nataka kueleza habari za mlango, na hasa habari za bawaba zinazoushika mlango huo. Mjomba wangu ni fundi wa majokofu. Likizo mbili nimembebea mkoba wake wa vyombo kati ya Tukuyu, Kyela, Ipinda na Matema, nami nimesadiki kwamba mara nyingi bawaba ndiyo inayoamua kama mwenye samaki atapata faida au hasara. Naandika kwa Kiswahili, ingawa fizikia tunafundishwa kwa Kiingereza, kwa kuwa napenda mama zetu wanaouza samaki wasome pia, au wasomewe na watoto wao.

Kwanza yafaa tujue kwamba baridi si kitu kinachotengenezwa na kumwagwa chumbani kama maji ndani ya pipa. Kazi ya mashine ni kutoa joto ndani na kulitupa nje, basi. Kuta za chumba zimetengenezwa kwa bati nje na bati ndani, na katikati povu gumu la plastiki, kwa sababu povu hilo limejaa vitundu vya hewa na halipitishi joto kwa urahisi. Samaki wabichi hutunzwa karibu na digrii 0, na samaki wa kugandishwa hutunzwa digrii 18 chini ya sifuri. Ukuta hausogei, dari haisogei, sakafu haisogei. Mlango peke yake ndio unaosogea, mara hamsini au mia kwa siku, na joto la Kyela linakaa nje likingojea ufunguliwe.

Hapa msomaji na atulie kidogo, maana watu wengi hufikiri adui wa chumba cha baridi ni joto peke yake. Kwetu sisi, ambao tunakaa chini kabisa ya bonde, kwenye meta 475 hivi juu ya usawa wa bahari, na ziwa liko mlangoni petu, adui mkubwa zaidi ni unyevu. Hewa ya digrii 30 iliyojaa mvuke kabisa hubeba gramu 30 hivi za maji katika kila meta moja ya ujazo. Tuseme siku ya masika hewa ina unyevu wa asilimia 80. Hizo ni gramu 24. Lakini hewa ya digrii 18 chini ya sifuri haiwezi kubeba zaidi ya gramu 1 hivi. Basi kila meta moja ya ujazo inayopenya mlangoni huacha ndani gramu 23 za maji, nayo maji hayo hugeuka kuwa barafu.

Nilipiga hesabu hii kwa kutumia yale tuliyosoma Kidato cha Tatu. Kuipoza hewa yenyewe, mashine yapaswa kuondoa joto la kilojuli 56 hivi. Kuugeuza ule mvuke kuwa maji, kisha barafu, yapaswa kuondoa kilojuli 65 hivi. Yaani unyevu wa hewa yetu unaisumbua mashine kuliko ujoto wa hewa hiyo! Tena jambo haliishi hapo, maana barafu hiyo huganda juu ya mabomba ya ndani ya mashine kama blanketi, na mabomba yaliyovaa blanketi hayawezi tena kuvuta joto la chumbani. Wenzetu wa Tukuyu, ambao huvaa sweta mwezi wa Juni, waweza kupuuza mlango uliopinda kidogo. Sisi hatuwezi.

Sasa nije kwenye bawaba. Nyumbani kwetu mlango wa mbao huvimba masika, ukakwama, nasi humwita seremala akaupiga randa. Kiangazi kikija mbao hunywea, na paliporandwa panabaki uwazi wa kuingiza kidole, hata mjusi hupita akijisikia. Hakuna anayejali, maana mlango wa chumbani kazi yake ni kuzuia wezi na macho ya watu. Lakini mlango wa chumba cha baridi haurandwi. Ni sanduku la bati lenye povu ndani, unene wa sentimita 10 hivi, na pembeni umezungushiwa mpira laini ambao ndio unaoziba. Ukipiga tupa bati lake umeuharibu, ukikata mpira wake umeuharibu zaidi. Kwa hiyo mlango huo ukienda upande, haiwezekani kuupunguza. Hapana budi kuusogeza wote mzima urudi mahali pake. Ndiyo sababu waliotengeneza milango hii walibuni bawaba zinazorekebishika, ambazo fundi mwenye spana anaweza kuupandisha mlango, kuushusha, kuupeleka kushoto au kulia, na kuusogeza karibu na ukuta au mbali nao.

Bawaba yenyewe ina sehemu mbili. Moja hufungwa kwenye fremu, nayo ina pini nene iliyosimama; ya pili hufungwa kwenye mlango, nayo ina tundu linalovaa pini hiyo. Mpaka hapo haina ajabu. Milango ya zamani ya Mji Mkongwe wa Unguja, ile yenye nakshi, haina hata bawaba, bali huzunguka juu ya vigingi vya mbao vilivyoingia kwenye matundu juu na chini, na kanuni ni hiyohiyo. Ajabu iko katikati. Katika pini hiyo huwa vipande viwili vya nailoni ngumu, kimoja juu ya kingine, vilivyochongwa mshazari. Mlango unapofunguliwa, kipande cha juu huparamia mteremko wa kile cha chini, na mlango wote hupanda sentimita moja hivi. Ukiuachia, uzito wake wenyewe huuvuta ushuke, na kwa kushuka hujifunga. Mlango wa kilo 60 ukipanda sentimita moja umejiwekea nishati ya juli 6. Ni kidogo, lakini inatosha kuufunga taratibu wakati mchukuzi ameshika kreti kwa mikono yote miwili. Bawaba nyingine huongezewa springi. Tena mteremko huo kileleni una mahali tambarare, ili mlango ukifunguliwa kabisa ukae wazi wakati wa kupakia mzigo.

Kupanda huko kuna faida ya pili ambayo mimi naipenda kuliko ya kwanza. Chini ya mlango kuna ulimi wa mpira unaogusa sakafu. Kama mlango ungezunguka bila kupanda, ulimi huo ungesuguliwa kila mara na ungeisha kwa miezi michache. Kwa kuwa mlango hupanda, ulimi huinuka mara tu mlango unapoanza kufunguka, na hugusa sakafu tena mwisho kabisa wa kufunga.

Kwa kurekebisha, sahani ya bawaba hutobolewa matundu marefu badala ya matundu ya duara, ili bolti zikilegezwa mlango uweze kusogea upande. Chini ya pini huwekwa skrubu ya kupandisha na kushusha. Nyuma ya sahani huwekwa vibati vyembamba, na kwa kuongeza au kupunguza kibati kimoja mpira hubanwa zaidi au hulegezwa. Bawaba zote hazikutengenezwa namna moja, lakini nilizoziona zilifuata mpango huo.

Mtu aweza kuuliza, kwa nini mlango uliofungwa vizuri siku ya kwanza uende upande? Jibu tulilisoma Kidato cha Pili katika habari za nguvu za kuzungusha. Mlango wa kilo 60 una uzito wa Newton 600. Kama upana wake ni sentimita 90, uzito huo uko sentimita 45 kutoka kwenye bawaba. Zidisha, utapata 270. Kama bawaba ya juu na ya chini zimeachana meta moja na nusu, gawanya, utapata Newton 180. Maana yake bawaba ya juu huvutwa itoke ukutani kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 18, na ya chini husukumwa iingie kwa nguvu hiyohiyo, mchana na usiku, hata siku ya Jumapili. Sasa bawaba ya juu ikilegea milimita 2 tu, upande wa kitasa hushuka milimita 1.2. Mpira utavumilia. Ikilegea milimita 5 au 6, na wachukuzi wakaendelea kuupiga mlango kwa makreti na kuuegemea wakizungumza, mpira hauvumilii tena. Juu ya hayo, ardhi ya bonde letu ni laini, imeletwa na mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo, na sakafu iliyojengwa kwa haraka hutitia upande mmoja.

Likizo ya Desemba iliyopita tuliitwa na mfanyabiashara mmoja ambaye sitamtaja jina. Alisema mashine imekufa. Inanguruma usiku na mchana bila kupumzika, yuniti za umeme zinakwisha kama maji ya kisimani wakati wa kiangazi, na samaki wa juu hawagandi tena sawasawa. Sakafuni karibu na mlango palikuwa na barafu, na mama mmoja alikuwa ameteleza hapo akaumia kifundo cha mkono. Mwenye chumba alikuwa amekwisha kuuliza bei ya kompresa kubwa zaidi, na wanawake wanaolipia nafasi humo walikuwa wameambiwa kwamba malipo ya kila kreti yatapanda mwaka mpya. Mama yangu ni mmoja wao. Ada yangu ya chakula cha bweni hutoka katika makreti hayo, kwa hiyo nilisikiliza kwa masikio yote mawili.

Mjomba hakuitazama mashine. Aliniomba karatasi moja ya daftari. Akaiweka kati ya mpira na fremu upande wa bawaba, akafunga mlango, akaivuta, ilikataa kutoka. Akaiweka upande wa kitasa, akafunga, akaivuta. Ilitoka kama barua inavyotoka katika bahasha. Kisha akauachia mlango ujifunge wenyewe. Ulikuja vizuri mpaka karibu na mwisho, halafu pembe yake ya chini ikakwaruza sakafu, ukasimama. Ulibaki uwazi mdogo ambao mtu mwenye haraka hauoni, na ule ulimi wa mpira wa chini ulikuwa umechanika vipande viwili.

"Shikamoo zenu mnaipa mashine, na mlango hamuusalimu," mjomba akamwambia mwenye chumba, nao wakacheka, ingawa yule mwenye chumba hakucheka sana.

Kazi ilikwenda hivi. Kwanza aliondoa barafu yote sakafuni. Pili aliingiza kabari mbili za mbao chini ya mlango mpaka zikabeba uzito wake. Alinionya kwamba asiyeweka kabari kabla ya kulegeza bolti ataubeba mlango kwa miguu yake. Alipolegeza bawaba ya juu alikuta skrubu zake zimeingia kwenye bati na povu peke yake, hazina kitu kigumu cha kushika. Povu ni hodari kuzuia joto, lakini kushika skrubu haliwezi. Akaweka bamba la chuma nyuma, akapitisha bolti ndefu, akazibana. Akairudisha bawaba ya juu milimita 5, akaupandisha mlango kwa skrubu ya chini, akakaza nati ya kufungia ili skrubu isirudi. Mwisho akaweka ulimi mpya wa mpira. Haikufika saa mbili. Kisha mashine ikazimwa kidogo ili barafu iliyovaa mabomba iyeyuke.

Siku ya tatu mashine ilikuwa ikinguruma na kupumzika kama inavyotakiwa. Kompresa kubwa haikununuliwa. Mimi nadhani kama ingenunuliwa, mtu yule angekuwa anaipoza Kyela nzima kwa fedha zake. Malipo ya kreti yalibaki yaleyale, na wanawake walimwambia mjomba "ndaga fijo" mpaka akaona haya.

Huko Mwanza, ambako tangu miaka ya 1990 viwanda hupeleka minofu ya sangara Ulaya, kiwanda kikubwa huwa na mafundi wake hapohapo. Kwetu mtambo ukiharibika mara nyingi fundi hungojwa kutoka Mbeya, zaidi ya kilometa 100, na samaki hawajui kungoja basi. Lakini bawaba hazihitaji fundi wa Mbeya. Kijana yeyote mwangalifu mwenye spana, kabari na karatasi ya daftari anaweza kujifunza kuzirekebisha, na ningependa wenzangu wanaochukua masomo ya ufundi wajaribu. Ila wasipake oili chafu ya gari kama nilivyoona mahali fulani. Oili hiyo hukusanya mchanga, na mchanga husaga nailoni kama jiwe la kusagia mahindi.

Kuna jambo jingine linaloumiza bawaba, nalo huwashangaza watu. Ukifunga mlango wa chumba cha kugandishia, kisha ukataka kuufungua tena papo hapo, waweza kuukuta umeshikwa kama na mkono wa mtu ndani. Si mzimu. Hewa ya moto iliyoingia inapoa na kanieneo yake inapungua. Kama hewa ya chumbani ingekuwa na wastani wa digrii 15 chini ya sifuri baada ya kufunga, ikarudi digrii 18 chini ya sifuri, na pasiwe na tundu lolote la kupitisha hewa, mlango wa sentimita 90 kwa 190 ungesukumwa na hewa ya nje kwa nguvu ya Newton 1,900 hivi, yaani uzito wa kilo 190. Kwa sababu hiyo ukutani huwekwa kidude cha kupitishia hewa, chenye waya wa moto usioruhusu barafu kukiziba. Waya kama huo huzungushwa pia kwenye fremu ya mlango, ili mpira usigande na kushikamana nayo. Kidude kikiziba au waya ukikatika, watu huuvuta mlango kwa nguvu za watu watatu, au huuchokonoa kwa panga, na bawaba hulipa gharama.

Mwisho ni usalama wa mtu. Huko Marekani watoto wengi walikufa kwa kujificha ndani ya majokofu ya nyumbani yaliyotupwa, ambayo vitasa vyake havikufunguka kwa ndani, hata mwaka 1956 ikatungwa sheria kwamba kila jokofu la nyumbani liweze kusukumwa likafunguka kutoka ndani. Chumba cha baridi nacho huwa na kitufe kikubwa au mpini wa ndani, unaofungua mlango hata kama nje umetiwa kufuli. Lakini mpini huo hausaidii kitu kama mlango umelala sakafuni na umegoma kusogea; na mtu aliyefungiwa katika digrii 18 chini ya sifuri akiwa na shati la jasho hana muda mrefu. Nyumbani kwetu watoto hupenda kuwafuata mama zao mahali penye barafu, hasa saa za mchana.

Kwa hiyo siku ile, kabla ya kumaliza, mjomba aliujaribu mpini wa ndani mara tatu mlango ukiwa umefungwa. Kisha akaniingiza mimi, akazima taa ya ndani, akanifungia, akapitisha tochi polepole kuzunguka mlango kwa nje, ili niseme penye mwanga. Juu palikuwa giza. Ubavuni giza. Chini, kwenye pembe ya upande wa kitasa, niliona mstari mwembamba wa mwanga, kwa kuwa mlango sasa ulikuwa umepandishwa kidogo kupita kiasi. Nikasukuma mpini, nikatoka nikitetemeka, nikamwonyesha mahali. Akaichukua spana, akalegeza nati, akairudisha skrubu nusu mzunguko, akaniambia niingie tena.